Kamera Iliyogeuka Printa

"Kaka, kamera imegeuka printa."

Mdogo wangu alikuwa sebuleni kwangu, Forest hapa Mbeya, begi lake la safari bado liko mlangoni. Siku iliyotangulia alikuwa Iringa, nyumbani kwa mama pale Kihesa, akifunga kamera kwenye banda la ng'ombe. Kulikuwa na mtamba aliyekaribia kuzaa, na mama alikuwa amechoka kuamka saa nane za usiku, kwenye baridi ya Juni, kwenda kummulika kwa tochi. Kazi ilikwenda vizuri. Dogo alifungua kivinjari kwenye simu, akaandika 192.168.1.20, banda likatokea, mtamba anacheua. Akaihifadhi anwani hiyo, akamuaga mama, akapanda basi. Alipofika kwangu akajiunga na waifai ya nyumbani, akaibonyeza anwani ile ile ili anionyeshe, na badala ya banda ukaja ukurasa mweupe uliosema wino mweusi umebaki robo.

Ilikuwa printa yangu. Ipo chumba cha pili, juu ya kabati, na ruta yangu nayo ilikuwa imeipa 192.168.1.20.

Kufunga mitandao ya kompyuta ndiyo kazi inayonilisha. Habari za anwani za IP nimezieleza kwa wateja mara nyingi, nikichora nyuma ya risiti au kwa kidole kwenye vumbi la kaunta, na wengi huitikia kwa heshima tu ili niendelee na kazi. Hakuna mchoro wangu uliowahi kueleweka kama ile printa. Dogo alinyamaza kidogo, akaitazama simu, akasema, "Kumbe namba ya kwako na ya mama ni moja." Ndiyo. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta anayo pia, nyumba ya wageni pale Mafinga inayo, na ofisi ya wakili huko Oslo inayo. Hakuna anayegombana na mwenzake kwa sababu namba hizo hazitoki nje ya nyumba.

"Sasa ya kwetu wenyewe ni ipi?"

Swali hilo lina jibu refu kuliko alivyotarajia, na ilibidi niagize chai.

Anwani ya IP ya toleo la nne, ambayo ndiyo tunayokutana nayo zaidi, ni namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, kila moja kati ya 0 na 255. Ukihesabu zote zinazowezekana unapata 4,294,967,296. Viwango vyake vilipochapishwa mwaka 1981, hazina hiyo ilionekana haina mwisho. Vint Cerf, mmoja wa waasisi wa intaneti, ameeleza mara nyingi kwamba walipochagua ukubwa huo walidhani wanafanya jaribio. Basi zikagawiwa kwa ukarimu kwa waliokuwapo. Chuo cha MIT cha Marekani peke yake kilishika zaidi ya milioni 16, zile zote zinazoanza na 18, na mwaka 2017 kikatangaza kwamba nyingi hakijawahi kuzitumia, kikawauzia Amazon mamilioni yake. Sisi tulichelewa. AFRINIC, shirika linalogawa anwani kwa Afrika, lenye makao yake Mauritius, lilitambuliwa rasmi mwaka 2005 tu. Tarehe 3 Februari 2011 ghala kuu la dunia lilibakiwa na mafungu matano, kila kanda ikapewa moja, na letu likawa lile linaloanza na 102. Mwaka 2017 AFRINIC yenyewe ikaanza kugawa kwa masharti ya uhaba. Miaka miwili baadaye ikafichuka kwamba anwani mamilioni zilikuwa zimehamishwa kwenye rejista yake kwa njia zisizo halali, kisha zikaja kesi mfululizo mahakamani, hadi shirika likakaa muda mrefu bila bodi. Huwa nawakumbusha vijana ninaowafundisha kazi kwamba hata namba, kitu kisichoshikika, huibiwa Afrika na kuuzwa kwingine.

Lakini uhaba ulionekana mapema, na wahandisi hawakungoja ghala liishe. Mwaka 1994 iliandikwa mbinu iitwayo NAT, inayowezesha kompyuta nyingi kutoka nje kwa anwani moja. Februari 1996 yakatengwa rasmi maeneo matatu ya matumizi ya ndani: anwani zote zinazoanza na 10, kipande cha kuanzia 172.16 hadi 172.31, na zile za 192.168. Yeyote anaweza kuzitumia nyumbani au ofisini bila kuomba ruhusa ya mtu. Ruta za mtandao wa nje zimekatazwa kuzipitisha.

Jinsi NAT inavyofanya kazi nilijifunza kabla sijaona kompyuta. Nilisoma shule ya bweni mkoani Iringa enzi za barua, wanafunzi mamia na sanduku moja la posta. Bahasha iliandikwa jina, kidato, jina la shule, S.L.P. na Iringa. Karani wa posta mjini hakujua nalala bweni gani wala kitanda cha juu au cha chini, alijua sanduku tu. Mwalimu wa zamu alileta mfuko, na kwenye paredi ya jioni akasoma majina. Nyumbani kwako kazi ya mwalimu huyo hufanywa na ruta. Simu yako ikiomba ukurasa, ruta inaondoa anwani ya ndani ya simu, inaweka ile ya nje, na inaandika kwenye jedwali lake kwamba ombi hili limetoka kwa 192.168.1.7 kupitia poti fulani, yaani namba ya mlango wa ombi hilo. Jibu likirudi, inasoma jedwali na kulifikisha kwa mwenyewe. Bahasha iliyokuja na S.L.P. tupu bila jina, mwalimu wetu aliirudisha mfukoni. Ruta nayo, ikipokea kifurushi ambacho hakuna aliyekiomba kutoka ndani, hukitupa bila kumwambia mtu.

Ndiyo sababu intaneti ya nyumbani inafungua kila kitu na yenyewe haifunguliwi na mtu. Simu, runinga na kompyuta zinauliza, zinajibiwa. Kamera ya mama haiulizi kitu, inangoja kuulizwa. Aliye nje hana jina la kuandika kwenye bahasha.

Ujuzi wangu wa kazi ulianza kwenye kafe ya intaneti katikati ya mji wa Iringa, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mkongo wa baharini ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, kwa hiyo sisi tulitegemea dishi la setilaiti juu ya paa la bati. Mvua kubwa ikinyesha tulifunga mapema. Tulikuwa na kompyuta zisizozidi dazeni, na anwani ya umma moja. Kompyuta ya bosi, iliyokuwa kaunta, ndiyo iliyokuwa lango, nayo ilijiita 192.168.0.1, namba ambayo Windows ya wakati ule iliichagua yenyewe ukiiruhusu igawe intaneti. Wateja hawakujua lolote kati ya hayo. Walikuja wanachuo kutafuta ufadhili, wafanyabiashara wa mbao kutoka Mufindi, watalii wa kwenda Ruaha, na kila mmoja aliondoka akiamini kompyuta aliyokalia inajulikana duniani kwa jina lake.

Siku moja barua pepe za wateja zikaanza kurudi. Zote, za mwanachuo na za padri. Kuna mtu aliyetumia kafe yetu kumwaga barua taka, anwani yetu ikaingizwa kwenye orodha ya watuma taka, na kwa kuwa kafe nzima ilikuwa anwani moja, adhabu ikawa ya wote. Mtoa huduma akampigia bosi: nani alikuwa mtandaoni saa fulani? Bosi akatoa daftari. Lilikuwa daftari la kawaida la mistari, jalada limefungwa kwa selotepu, lenye safu zilizopigwa kwa rula: jina, mashine namba, saa ya kuingia, saa ya kutoka, pesa.

Nilidhani tumeshamkamata. Malalamiko yalikuja na saa za Greenwich. Kompyuta ya kaunta ilikuwa na saa za Afrika Mashariki, tena zimepotea dakika kadhaa. Daftari lilijazwa kwa kutazama saa ya ukutani, ambayo bosi aliipeleka mbele makusudi ili wateja waharakishe, na aliyeandika aliandika kama watu wanavyosema, saa nne na robo, bila kutaja asubuhi au usiku. Kwa hiyo 07:21 ya malalamiko ilipaswa kwanza iwe 10:21, halafu iwe saa nne na dakika ishirini na moja, halafu isogezwe kulingana na ukutani. Tulipomaliza hesabu tulibaki na watu wanne waliokuwa wamekaa kwa wakati mmoja, na mmoja wao alikuwa ameandika jina la "Rafiki wa Juma". Hatukumpata.

Tangu siku ile kila nikisikia mtu anasema "tutakupata kwa IP yako", huwa najiuliza kama anajua anachohitaji. Anwani inakufikisha langoni. Kwenda zaidi ya hapo unahitaji poti, unahitaji saa iliyo sahihi, na unahitaji kumbukumbu za mwenye lango. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inawapa polisi njia za kudai kumbukumbu hizo kwa mtoa huduma, lakini ndani ya nyumba, au ya kafe, atakayejua nani alikalia kiti ni mwenye daftari.

Mwaka 2018 bosi wangu wa zamani alinipigia. Wakati huo nilikuwa nimeshahamia Mbeya. Zilikuwa zimetoka Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, na moja ya masharti yake kwa kafe za intaneti ilisema kila kompyuta inayotumiwa na umma iwe na anwani ya umma isiyobadilika, pamoja na kamera za kurekodi shughuli za ndani. "Mwanangu, hii anwani ya umma nainunua wapi?" Alifikiri ni kifaa. Nikamweleza kwamba mashine kumi zitahitaji anwani kumi za nje, kila moja ikilipiwa kwa mwezi, na mwaka huo zilikuwa zimeshakuwa adimu. Naelewa shabaha ya sharti lile: anayefanya uhalifu mashine namba sita asijifiche nyuma ya wenzake. Lakini anwani ya umma ingesema mashine namba sita na kuishia hapo. Aliyeikalia bado angesemwa na daftari. Na mashine ya kafe, ambayo kila siku inachomekewa flashi za watu baki, ukiiweka wazi kwa dunia bila ukuta mbele yake inaweza kushambuliwa ndani ya saa chache. Bosi alisikiliza, akahesabu, akaniambia wateja wenyewe wameshahamia kwenye simu zao. Sasa pale pana saluni.

Turudi sebuleni. Nilimwonyesha dogo njia ya kawaida: unaingia kwenye ukurasa wa ruta ya mama, unaiambia kwamba kifurushi chochote kitakachokuja kwenye poti fulani kipelekwe kwa kamera. Ni kama kumwambia mwalimu wa zamu, barua zote zisizo na jina mpe kiranja wa banda. Kisha unatafuta anwani ya nje ya nyumba, unaiandika kwenye simu ukiwa popote. Vitabu vingi vya mitandao vinaishia hapo, na kwa mtu anayeishi Ulaya mara nyingi kweli inaishia hapo.

Kwetu haikuishia. Dogo alimpigia binamu yetu anayekaa kwa mama, akamwelekeza kufungua ukurasa wa ruta na kusoma anwani ya nje. Akasoma: 100.72 na namba nyingine mbili. Kisha tukamwambia afungue, kwenye simu hiyo hiyo na waifai hiyo hiyo, tovuti ya kuonyesha anwani. Ikasema 41 na kitu. Binamu akadhani amekosea kusoma, akarudia. Namba mbili tofauti, nyumba moja.

Hapo ndipo penye habari yenyewe, na ndipo nyumba zetu nyingi zilipo. Aprili 2012 lilitengwa eneo la nne, kuanzia 100.64 hadi 100.127, anwani zipatazo milioni nne na laki mbili, mahsusi kwa watoa huduma. Wengine hutumia zile za 10. Mtoa huduma asiye na anwani za umma za kutosha huwapa wateja hizi, kisha yeye mwenyewe anafanya NAT ya pili kwenye mitambo yake, wateja wengi wakitokea kwenye anwani moja ya umma. Shule yetu imegundua kwamba sanduku ililodhani ni lake ni kijisanduku tu ndani ya ofisi ya misheni, na S.L.P. inayojulikana posta ni ya misheni. Unaweza kumwelekeza mwalimu wa zamu utakavyo, barua zisizo na jina hazimfikii kabisa.

Kujua kama nawe uko hivyo hakuhitaji fundi. Linganisha anwani ya nje iliyoandikwa kwenye ukurasa wa ruta na ile inayoonyeshwa na tovuti. Zikifanana, una anwani ya umma. Zikitofautiana, uko nyuma ya mtu. Mimi hupenda pia kuifuata njia yenyewe. Kwenye kompyuta kuna amri inayoorodhesha vituo ambavyo kifurushi kinapita, na nilipoipiga usiku ule kutoka kwangu, kituo cha kwanza kilikuwa 192.168.1.1, yaani ruta yangu. Cha pili 100 na kitu. Cha tatu na cha nne vyote vya 10. Cha tano ndipo ikaonekana anwani ya umma ya kwanza, na jina lililoandikwa pembeni yake lilikuwa na herufi za Dar es Salaam. Intaneti yangu inasafiri kutoka Forest hadi pwani ndipo ijulikane. Kwa sababu hiyo hiyo tovuti nyingi zinaamini naishi Dar. Wiki ile nilikuwa naletewa tangazo la feni kwa bei ya punguzo Kariakoo, mimi nimevaa koti. Na ukiona injini ya utafutaji inakutaka uthibitishe kwamba wewe si roboti, ukachagua picha za taa za barabarani hadi ukachoka, huenda hujafanya kosa lolote. Kuna mwenzako wa anwani moja, usiyemjua, aliye na kompyuta yenye virusi.

Kinachonikera kidogo ni jiografia. Nyaya za Mkongo wa Taifa zinapita Iringa, zinakuja Mbeya, zinaendelea hadi Tunduma na Kasumulu kwenye mipaka ya Zambia na Malawi. Zimeifuata barabara kuu ile ile aliyokuja nayo dogo. Kati ya banda la mama na sebule yangu kuna kilomita zaidi ya 300 na mwanga unaokimbia kwenye kioo. Lakini nyumba zote mbili hazina anwani ya kuitana, kwa hiyo ng'ombe wa Kihesa, ili aonekane Forest, lazima kwanza aende kwa mtu wa tatu mwenye anwani.

Watu wengi humpata mtu wa tatu bila kujua. Unanunua kamera, unasoma mraba wenye vidoadoa ulio mgongoni mwake kwa simu, picha inakuja. Siri yake ni kwamba kamera imejipigia yenyewe seva ya kiwanda, simu nayo imepiga hapo hapo, na seva ikawakutanisha. Kwa kuwa wote wawili wametoka ndani kwenda nje, NAT haikuwazuia. Sina ugomvi na njia hiyo na nimewafungia wateja kadha wa kadha. Dogo aliitaka pia. Nilisita kwa sababu mbili: picha za ua wa mama zipitie kwa watu nisiowajua, katika nchi nisiyoijua, na siku kiwanda kikiamua kuzima seva kamera ibaki pambo.

Tulijaribu kwanza kumwomba mtoa huduma wa Iringa anwani ya umma. Dada wa huduma kwa wateja alikuwa mpole sana, akatuambia inapatikana kwenye kifurushi cha biashara, na bei yake ingezidi gharama ya chakula cha ng'ombe wa mama. Basi tukakodi seva ndogo ya bei nafuu, yenye anwani ya umma, tukaweka WireGuard, programu ya kujenga njia ya siri kati ya mashine. Ruta ya Kihesa inaipigia seva. Ruta yangu nayo inaipigia. Kila baada ya sekunde 25 ruta hutuma kifurushi kidogo kisicho na kitu ndani, kwa kazi moja tu: jedwali la NAT la mtoa huduma lisije likaisahau, maana njia isiyotumika hufutwa haraka. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, iliwataka wanaotumia VPN, yaani njia za siri za namna hii, watoe taarifa zao, pamoja na anwani za IP, kwa hiyo hili nalo usilifanye kimya kimya. Lina karatasi zake.

Kulikuwa na kikwazo kimoja kilichobaki, na ni kile kile cha printa. Nyumba mbili zikiunganishwa, zote zikiwa za 192.168.1, ruta haiwezi kujua 192.168.1.20 unayoitaka ni ya Mbeya au ya Iringa. Dawa ni kubadili namba za ndani, jambo ambalo halina gharama kwa sababu ni zako kuzipanga utakavyo. Nilichagua tarakimu za simu za mezani: Iringa ilikuwa 026 na Mbeya 025. Basi kwa mama sasa ni 192.168.26, kwangu ni 192.168.25, na hata mtu ambaye hajui mitandao akisikia namba anajua ni mji gani. Ukipanga mtandao wa nyumbani usiuache kwenye namba ambazo ruta ilitoka nazo kiwandani. Siku moja utataka kuuunganisha na wa mtu mwingine.

Kamera ilitufaa? Mtamba alizaa usiku. Dogo, ambaye alikuwa bado kwangu, aliona kwenye simu mnyama analala na kuinuka, analala na kuinuka, akampigia mama kwa pupa. Mama akapokea kwa sauti ya mtu aliye macho. "Nipo bandani tangu saa sita, daktari wa mifugo nimeshampigia. Wewe lala, mwanangu." Kwenye picha, kwa kuchelewa kidogo, tukamwona anaweka simu mfukoni mwa koti.

Nisije nikaeleweka kwamba kuwa nyuma ya NAT ni hasara tupu. Mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kilizunguka duniani kikigonga anwani za umma moja baada ya nyingine, kikijaribu majina na nywila za kiwandani kwenye kamera na ruta. Kilikusanya mamia ya maelfu, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi hilo la kamera likaiangusha Dyn, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikihudumia majina ya tovuti kubwa. Mwishoni mwa mwaka jeshi la namna hiyo likageuziwa kampuni ya simu ya Liberia, na Mwingereza aliyelipwa kuifanya kazi hiyo alifungwa mwaka 2019. Kamera ya banda iliyo nyuma ya NAT mbili isingegongwa kirahisi hivyo. Lakini hiyo ni bahati ya kukaa uani. Kufuli ni kitu kingine. Toleo la sita la anwani za IP, lililozinduliwa kwa upana tarehe 6 Juni 2012, lina namba nyingi kiasi kwamba kila kamera inaweza kuwa na anwani yake ya umma na bado zikabaki. Anwani nyingi za Afrika za toleo hilo huanza na 2c, na ukiona simu yako imepewa mojawapo, ujue uani umeondoka, na kilichobaki kukulinda ni ukuta wa moto wa ruta na nywila yako.

Kwa hiyo wateja wakiniuliza kama walipie anwani ya umma, huwauliza kama kuna mtu au mashine inayohitaji kuingia kwao kutoka nje bila kualikwa kwanza. Kwa nyumba nyingi jibu ni hapana, na pesa hiyo ni bora ikanunue kasi. Mwezi uliopita alikuja mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, duka lake Mwanjelwa, tawi Makambako. Seva ya stoo iko dukani, na vijana wa tawi wanatakiwa kuandika mauzo humo humo, pamoja na mizani ya nondo inayotuma uzito wenyewe. Huyo anaihitaji kweli, nikamwambia alipie. Alilipa miezi sita kwa mkupuo. Nilimwekea ukuta, nikafungua poti moja tu na kwa tawi lake tu, nikafunga zilizobaki, kisha nikamgeuzia kompyuta ili aweke nywila mpya ya msimamizi mwenyewe, mimi nikitazama pembeni. Akafikiri kidogo, vidole viko juu ya kibodi.

"Fundi, moja hadi nane inatosha, au niongeze tisa?"